Mzee Kidevu na Teke la Kila Sekunde

Mzee Kidevu ni mtu wa heshima zake. Ana kofia, ana mkongojo, ana kidevu kinachofika mahali kabla ya mwenyewe, na kazi aliyochorewa kwenye katuni yangu ni moja tu: atembee kutoka kushoto kwenda kulia, amkute bibi mmoja ameketi kwenye kigoda kando ya njia, avue kofia, aseme "Hujambo, mama?" Sekunde tisa, kwisha. Alichofanya badala yake, tena kwenye televisheni ya sebuleni, ukoo mzima umekaa kumtazama, mimi simo. Nilimchorea miguu, sikumchorea tabia.

Na miguu yenyewe ilichorwa kwa kufuata kanuni. Filamu huenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde, lakini anayechora kwa mkono hujihurumia: kila mchoro anauacha ukae fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inakula michoro 12. Mtu asiye na haraka wala uvivu hupiga hatua mbili kwa sekunde. Basi mzunguko mzima wa kutembea, kulia na kushoto, unaenea kwenye michoro 12, halafu unauzungusha hata mhusika akitaka kuimaliza dunia kwa mguu.

Mchoro wa 1, kisigino cha kulia kinatua mbele, miguu imepanuka kadiri itakavyopanuka. Wa 2 na wa 3, uzito unashuka, goti linajikunja, kichwa kinakuwa chini kuliko wakati wowote. Wa 4, mguu wa kushoto uliokuwa nyuma unapita kando ya ule uliokanyaga. Wa 5 na wa 6, mwili unanyanyuka kwa vidole na kichwa kinafika juu kabisa. Wa 7 ni ule wa 1, ila miguu na mikono imebadilishana zamu, na kuanzia wa 8 hadi wa 12 unarudia mambo yaleyale kwa upande wa pili. Mkono huenda mbele pamoja na mguu wa upande mwingine. Ukiupeleka na mguu wa upande wake, mhusika anatembea kama kabati linalohamishwa.

Mchoro wa 13 haupo. Wengi huuchora, sawasawa na wa 1, eti mzunguko ufunge vizuri. Unafunga kweli: mkao mmoja unaonekana mara mbili mfululizo, mwili unaganda kidogo, na mhusika anachechemea maisha yake yote bila kuumwa popote.

Usichore kwa mpangilio wa namba. Anza na wa 1 na wa 7, uje wa 4 na wa 10, ndipo ujaze katikati. Anayeanza wa 1 na kuburura hadi wa 12 bila kupumzika huwa hamwoni mhusika wake akivimba. Kila mchoro unapimwa kwa uliotangulia, kosa la nusu milimita linarithishwa, na kufikia wa 12 kidevu kimeshakaribia magoti. Mzunguko ukirudi mwanzo, kinaruka kurudi juu. Dawa yake ni karatasi ya vipimo, ibandikwe ukutani mbele ya macho: Mzee Kidevu ana urefu wa vichwa vitatu na nusu, kidevu ni nusu ya kichwa, mkongojo unaishia kiunoni. Hakuna mchoro unaoruhusiwa kubishana na karatasi hiyo.

Asiye na mwalimu asihangaike sana kutafuta mtu wa kumtembeza chumbani. Picha za mpiga picha Eadweard Muybridge zilizotoka mwaka 1887, mabamba 781 ya watu na wanyama wakiwa katika mwendo, bado zinafundisha bure, na nyingi zimepigwa mbele ya ukuta wenye miraba, kwa hiyo unahesabu mwenyewe kichwa kimeshuka kiasi gani na goti limepanda wapi. Kuna na njia ya mkato ambayo wachoraji hawaitangazi: ukiona katuni mhusika amevaa vazi refu hadi chini, usidhani ni ucha Mungu. Mchoraji anaikwepa miguu. Mzee Kidevu nilimvisha kaptula, nikidhani namtendea haki.

Karatasi nazo zina ukorofi wake. Ukiweka moja juu ya nyingine kwa kukadiria, mhusika atatetemeka kana kwamba ana homa. Mashine ya ofisini ya kutobolea karatasi hutoboa matundu mawili ya milimita 6, umbali wa milimita 80 kutoka kati hadi kati. Chukua kipande cha ubao mwembamba, simamisha vijiti viwili vya mviringo vya unene huohuo kwa umbali huohuo, uvigandishe kwa gundi, na kila karatasi ivalie hapo. Penseli usiijaribu, kwa kawaida inazidi milimita 6 na itapasua tundu. Vijiti vikae upande wa chini, ili vidole vya mkono usiochora vibaki kati ya karatasi vikizipekua juu na chini; macho hugundua mguu ulioruka mapema kuliko akili. Chini ya vyote kiwe kioo, na chini ya kioo taa.

Ukipiga picha kwa simu, ifunge isitikisike, ufunge na mwanga na fokasi kwenye kamera yenyewe, upige kwa kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiiguse wakati wa kupiga. Dirisha lifunikwe. Simu iliyoachiwa hiari yake hupima mwanga upya kwa kila karatasi, wingu likipita nje nayo inaongeza, na Mzee Kidevu anajikuta akitembea kwenye radi isiyo na mvua. Wanaochorea moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa programu za Krita au OpenToonz ambazo ni za bure, hayo yote hawayajui, na ndiyo maana wana afya.

Mandhari huchorwa mbali na mhusika. Kwenye katuni ya dinosaria ya Winsor McCay ya mwaka 1914, mandhari ilikuwa ikinakiliwa upya kwenye kila karatasi, kazi ya kumtoa msaidizi machozi. Siku hizi unachora njia moja ndefu, unaisogeza nyuma huku mhusika akitembea palepale. Hesabu yake haina huruma. Hatua ya Mzee ni pikseli 240, vile vitone vinavyounda picha, kwenye video ya 1920 kwa 1080. Hatua moja ni michoro sita, kwa hiyo mguu uliokanyaga unarudi nyuma pikseli 40 kila mchoro, na ardhi nayo irudi 40 zilezile. Ardhi ikienda 50, mzee anateleza kwenye mafuta. Ikienda 30, anakanyaga sana na hafiki. Tena isogezwe pale tu mchoro unapobadilika. Ukiisogeza 20 kila fremu wakati mhusika anakaa fremu mbili mbili, njia inateleza chini ya mguu kwa fremu moja kisha mguu unarukia mahali pake, na unapata mtetemo ambao utautafuta usiku kucha mahali usipokuwa.

Mdomo ndio uliokuwa fahari yangu, na hakuna hata mmoja aliyeutazama. Kiswahili kimemwonea huruma mchoraji wa midomo: irabu tano, kila moja na umbo lake, mdomo uliofumba kwa ajili ya m, b na p, na meno ya juu yakigusa mdomo wa chini kwa f na v. Michoro saba inabeba maongezi karibu yote, konsonanti nyingine zinapita ndani bila kudaiwa. "Hujambo, mama?" inafumba mara tatu: kwenye mb, kisha kwenye kila m ya mama. Ukisahau kufumba mara moja tu, mtazamaji hajui kosa ni nini ila anahisi sauti ni ya mtu mwingine. Mdomo utangulie sauti kwa fremu moja au mbili. Ukichelewa, imekula kwako.

Sasa tukio lenyewe.

Picha za kutembea nilizipa majina rahisi: 1, 2, 3, mpaka 12. Za kuvua kofia zikawa kwenye folda nyingine, 1 mpaka 9. Nikafungua folda, zimejipanga sawasawa, utulivu mtupu. Nikazipeleka kwenye programu ya kuunganisha, nikaamuru atembee sekunde sita, nikatoa video bila kuitazama kwa sababu watu walikuwa wameshakaa na televisheni ilikuwa imeshawashwa.

Mzee Kidevu akaingia. Hatua ya kwanza, safi. Ya pili, kabla mguu wa kulia haujatua, ukachomoka mbele mzimamzima, ukarudi chini ya mwili, kisha ukaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Uso wake hauna habari. Sekunde iliyofuata, teke lingine. Iliyofuata, lingine. Mzee anatembea taratibu, mkongojo unagusa chini kwa adabu zote, na kila baada ya sekunde moja kamili anaupiga teke upepo.

"Ni goti hilo," mjomba akasema. "Umri huo mshipa unabana."

"Mshipa gani unaobana kwa saa?" shangazi akamjibu.

Hapo bibi wa kigoda akaanza kuingia kutoka kulia, pikseli 40 kwa kila mchoro, kama nilivyopanga. Shangazi akainuka kidogo kwenye kiti. "Kitambaa hicho cha kichwani si changu?" Kilikuwa chake, nilimchora yeye ili afurahi. Watoto wakaanza kuhesabu mateke kwa sauti. Teke la tano likatua kwenye kigoda. Kisha, kwa kuwa folda ya kofia ilikuwa na michoro tisa tu na haikuwa na hitilafu yoyote, Mzee Kidevu akasimama wima, akavua kofia kwa upole uliopitiliza, akainamisha kichwa, na kwa mdomo uliofumba mara tatu panapostahili akasema: "Hujambo, mama?"

Mjomba aliteremka sakafuni. Shangazi alinigeukia mimi, hakumgeukia mzee. "Mwanangu, ananipiga teke kwanza, halafu ndiyo ananisalimia?"

Aliyefanya hayo ni mpangilio wa herufi. Dirisha la folda huisoma namba kama namba, kwa hiyo 2 hutangulia 10 na unaona mambo shwari. Programu niliyotumia kuunganisha ilisoma jina kama neno, herufi moja baada ya nyingine kutoka kushoto, na kwa usomaji huo 10 inaanza na 1, basi inatangulia 2. Ikapanga: 1, 10, 11, 12, 2, 3, mpaka 9. Ungetegemea fujo tupu, lakini huu ni mzunguko. Baada ya 12 inakuja 2, na mtazamaji karibu hakosi kitu. Aliyehama kiti ni mmoja tu, mchoro wa 1, amekwenda kuketi kati ya 9 na 10. Kwenye 9 mguu wa kulia bado uko nyuma ukija. Kwenye 10 unapita kando ya mwenzake. Katikati yao umechomekwa mkao ambao mguu huohuo umenyooka mbele kabisa. Unakaa fremu mbili. Teke limezaliwa, na linarudi kila michoro 12, yaani kila sekunde, kwa uaminifu ambao mchoro mwingine wowote wa kwangu haujawahi kuufikia.

Sifuri mbele ya namba zinalimaliza: 01, 02, au bora 0001, kwa kuwa kipande kikifika michoro 100 zile tarakimu mbili zitakusaliti upya. Badilisha majina kabla ya kuingiza picha kwenye programu. Ukibadilisha baadaye, programu itatafuta faili za zamani na kukuonyesha masanduku matupu. Na andika namba ya mchoro kwenye kona ya karatasi, sehemu utakayoikata mwishoni. Ukipitisha fremu moja moja na kona ikasoma 8, 9, 1, 10, huhitaji mjomba wa kukupimia mishipa.

Video imesharekebishwa. Mzee anatembea, anafika, anasalimia, na shangazi ameitazama mpaka mwisho akasema haina haki. Amri yake ni kwamba teke moja libaki, ila safari hii alipige yeye. Kwa hiyo niko mezani. Teke la Mzee lilionekana la ghafla kwa sababu halikuwa na maandalizi: mwili haukujivuta nyuma kabla ya kwenda mbele. La shangazi litakuwa nayo, michoro sita ya kuuvuta mguu taratibu huku bado anatabasamu, mmoja wa kugusa, minane ya kofia ikiruka hewani na kuteremka. Ameomba pia kofia isirudi kichwani. Faili ya kwanza nimeiita 0001.