Maziwa yangetoka wapi?

Mwandishi, katika makala yako umeeleza vizuri jinsi tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere, inavyoziamrisha tezi nyingine. Ila umewasahau akina mama wanaotoka damu nyingi wakati wa kujifungua.

Mimba ikikua, tezi hii nayo hukua na kuhitaji damu zaidi. Mama akivuja damu sana na presha ikashuka, sehemu ya mbele ya tezi hukosa damu, seli zikafa. Daktari Mwingereza Harold Sheehan aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Dada yangu ulimpata. Maziwa hayakutoka hata tone, tukamlisha mtori na supu ya pweza, wapi! Yangetoka wapi na prolaktini, homoni ya pituitari inayotengeneza maziwa, haipo? Hedhi haikurudi, nywele za kwapani zikapukutika, akawa anajifunika khanga mbili kwa baridi, tena Dar es Salaam, mchana. Miaka minne anapewa vidonge vya kuongeza damu, na majirani (hawakosekani) wanasema karogwa.

Sasa anameza haidrokotizoni (badala ya kotisoli, homoni inayosaidia mwili kuhimili maradhi) na thairoksini (homoni ya tezi ya shingoni) kila siku, na kasimama. Daktari alianza na haidrokotizoni, kwa sababu thairoksini ikitangulia katika mwili usio na kotisoli, mgonjwa anaweza kuzidiwa kabisa. Akipata homa kali, dozi ya haidrokotizoni huongezwa.

Wakunga mnaosoma hapa, mzazi akilalamika maziwa hayaji, muulizeni kwanza alivuja damu kiasi gani.