St Nazaire 1942: sifa kwa makomando sawa, ila waliowatuma nao waulizwe

Ukikaa na watu wanaopenda habari za vita kuu ya pili, lazima mtu ataitaja St Nazaire, shambulio la makomando wa Kiingereza dhidi ya Wajerumani, na wengi wanaisimulia hivi: meli ikagonga geti, bomu likalipuka, Waingereza wakashinda, basi. Mimi kwa kweli sikubaliani na kuishia hapo. Operesheni ilifanikiwa, tena sana, lakini watu 169 kati ya kama 611 waliokwenda walikufa, na naamini wengi wao wangerudi nyumbani kama wakubwa wa London wasingekuwa wabahili wa meli na ndege.

Kwanza muelewe kwanini pale. St Nazaire ni bandari ya Ufaransa, mto Loire unapoingia baharini, na Wajerumani walikuwa wameishika tangu 1940. Kulikuwa na chelezo kikubwa, yaani gati lenye geti la kutengenezea meli, kilichojengwa kwa ajili ya meli ya abiria ya Normandie, urefu wake kama mita 350, na pwani yote ya Atlantiki waliyoishika Wajerumani haikuwa na kingine cha kuingiza manowari yao kubwa kama Tirpitz. Mwaka 1941 manowari yao nyingine, Bismarck, ilipojeruhiwa ilikuwa inakimbilia hukohuko Ufaransa, Waingereza wakaiwahi. Sasa Tirpitz ndo pacha wake, iko Norway nzima kabisa, na Uingereza inaishi kwa meli zinazovuka Atlantiki. Wazo likawa ni hili: usihangaike kuifukuza gari, vunja gereji yake, mwenyewe ataogopa kuitoa.

Na mpango wenyewe, jamani, ulikuwa na akili. Walichukua HMS Campbeltown, meli kuukuu ya Kimarekani iliyoshushwa majini 1919, ikakatwa dohani mbili kati ya nne, zilizobaki zikakatwa mshazari ifanane na meli za Kijerumani. Ndani upande wa omo, yaani mbele, wakapanga mabomu 24 ya kulipulia nyambizi, jumla kama tani 4 na nusu, wakayazungushia chuma na zege yasionekane wala yasiharibike meli ikigonga. Njia ya kawaida ya meli ilikuwa chini ya mizinga ya pwani, kwa hiyo wakaipunguza meli uzito na kusubiri bamvua la mwezi wa tatu, maji yanapojaa kupita kawaida, ili wapite juu ya mafungu ya mchanga. Mtu wa pwani ataelewa hapo hatari yake, bamvua halikusubiri wewe ujiandae, ukilikosa umelikosa. Hata na hilo bamvua meli iligusa chini mara mbili.

Wakatoka Falmouth tarehe 26 Machi 1942. Usiku wa kuamkia tarehe 28 wakaingia mtoni wamepandisha bendera ya Kijerumani, wanajibu ishara za taa kwa Kijerumani, na ule uongo ukawapa dakika chache ambazo ndo zilizookoa kazi yote. Kisha kurunzi zote zikawaka na mizinga ikaanza. Kapteni Beattie, nahodha wa Campbeltown, akashusha bendera ya uongo akapandisha yake, akaongeza spidi, na saa 7:34 usiku Campbeltown ikajichomeka kwenye geti la chelezo, dakika nne tu nyuma ya muda uliopangwa. Makomando wakaruka. Luteni Stuart Chant alikuwa ameshajeruhiwa lakini akashuka na vijana wake kwenye ngazi za jengo la pampu, giza totoro, zaidi ya mita 10 chini ya ardhi, wakafunga vilipuzi kwenye pampu moja baada ya nyingine kisha wakapanda juu mbio kabla fyuzi hazijaisha. Zikalipuka.

Lakini angalia boti sasa. Makomando wengine walipelekwa na boti ndogo za mbao, na kwasababu safari ilikuwa ndefu wakaziongezea matenki ya petroli juu ya sitaha. Petroli, juu ya mbao, mbele ya mizinga! Zikawaka hadi mto wenyewe ukawa unaungua, watu wakaogelea ndani ya moto, boti chache sana zikaweza kushusha watu. Na boti hizohizo ndo zilitakiwa kuwarudisha. Waliopanga waliomba meli ya pili kubwa ya kubebea watu wakati wa kurudi, wakanyimwa. Ndege nazo zilikuja zaidi ya 60, marubani hawakuambiwa chini kuna nini, walikuwa na amri wasidondoshe bomu bila kuiona shabaha na mawingu yalikuwa chini, zikazunguka zunguka tu mpaka Mjerumani akashtuka kwamba kuna jambo. Badala ya kumpoteza lengo zikamuamsha.

Kanali Newman, kamanda wa makomando, alipofika ukingoni na kuona hakuna boti, aliwaambia waliobaki wapite katikati ya mji kwa nguvu waelekee Hispania. Watano tu walifika. 215 wakatekwa. Sajenti Durrant alikuwa kwenye boti iliyokutana na manowari ya Kijerumani baharini, akapigana na bunduki moja huku ana majeraha mengi mpaka akaanguka, akafa, na aliyempendekeza apewe Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ni adui, kapteni wa ile manowari.

Campbeltown yenyewe ililipuka jua likiwa juu, imejaa Wajerumani wanaoikagua. Chelezo hakikufanya kazi tena vita vyote, na Tirpitz haikuja, ilizamishwa hukohuko Norway Novemba 1944. Kuna wanaosema isingekuja hata hivyo kwasababu Hitler aliitaka ibaki kule, mimi naona hoja hiyo ni rahisi kuitoa leo, mwaka 1942 nani angeweka dhamana?

Ila kuna wengine hawatajwi kabisa. Siku mbili baadaye torpido zilizotegwa kwenye lango jingine zikalipuka, Wajerumani wakapagawa wakaanza kufyatua ovyo mitaani, na raia wa Kifaransa wakauawa. Hao hawakuwa makomando, hakuna aliyewauliza kama wanataka kujitolea. Kwenye hesabu ya ile operesheni nataka wahesabiwe na wao, pamoja na meli ya pili iliyonyimwa.