Kufutwa kwa leseni hakuzibi paa

Kuna makala niliyoisoma inayowashauri wenye nyumba waliofanyiwa kazi mbovu na mkandarasi mwenye leseni wakimbilie bodi iliyomsajili. Waende, lakini tusiwape matumaini ya bure. Kwa malalamiko kama haya, kazi kubwa ya bodi ni nidhamu: kuonya, kutoza faini, kusimamisha au kufuta leseni. Si kila bodi ina mamlaka ya kuamuru ulipwe fidia, na mkandarasi akishafutiwa leseni paa lako bado linavuja.

Anza na mkataba. Mingi ina kipindi cha uangalizi baada ya makabidhiano, mara nyingi miezi 6 hadi 12, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake. Mwandikie, simu haitoshi. Taja kila kasoro na mahali ilipo, weka picha zenye tarehe, mpe siku ya mwisho. Na tafadhali sana, usimwite fundi mwingine abomoe kabla mkandarasi hajapewa nafasi ya kukagua; malalamiko ya haki kabisa huharibika hapo, maana ushahidi umeondoka na kifusi.

Akikana, mlipe mhandisi asiye na upande akague na kuandika ripoti. Ufa mwembamba wa plasta iliyokauka haraka si sawa na ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha na kuzidi kupanuka, ambao huenda ni dalili ya msingi kutitia. Huo usikubali ufunikwe kwa rangi.

Kinachoniumiza zaidi ni watu kumaliza malipo yote siku ya kupokea funguo. Bakiza asilimia 5 au 10 hadi kipindi cha uangalizi kiishe, na iandikwe kwenye mkataba kabla ya kusaini.