PSA imeshuka, sawa, ila pedi je? Operesheni ya tezi dume tuiangalie pande zote

Muulize daktari operesheni ya saratani ya tezi dume imeendaje, atakwambia imefanikiwa, tezi yote imetoka na PSA, ile protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, haionekani kwenye kipimo. Muulize mgonjwa huyohuyo miezi mitatu baadaye, anahesabu pedi za kuzuia mkojo unaomvuja. Wote wanasema kweli.

Wanaosema usikimbilie kisu wana hoja nzito. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uligawa wanaume 1,643 wenye saratani ambayo bado iko ndani ya tezi, wengine operesheni, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa tu kwa vipimo, na baada ya miaka 15 (majibu yalitoka 2023) waliokufa kwa saratani hiyo ni kama wawili au watatu kwa mia kila kundi. Halafu angalia bei ya operesheni sasa: miezi 6 baadaye 46% walikuwa wanavaa pedi, na miaka 6 baadaye bado 17%. Kusimamisha vizuri ndo usiseme, kabla ya matibabu 67% walikuwa wanaweza, miezi 6 baada ya operesheni ikabaki 12%.

Ila namba hizi zinapotoshwa pia. Kwenye lile kundi la kufuatiliwa, zaidi ya nusu waliishia kutibiwa ndani ya hiyo miaka 15, na saratani kusambaa ilikuwa karibu 9% wakati waliofanyiwa operesheni ni kama 5%. Na nguvu za kiume zilipungua hata kwa waliofuatiliwa tu, maana umri nao haungoji mtu.

Kinachonikera mimi ni jinsi watu wanavyoandaliwa vibaya kwa kupona. Mpira wa mkojo unakaa wiki moja au mbili, ukitolewa ukikohoa, ukicheka, ukinyanyuka tu kwenye kiti, mkojo unachuruzika, na kwa kawaida usiku unakauka kabla ya mchana kwa sababu ukilala kibofu hakibanwi sana. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga yanasaidia, bora uanze kabla ya operesheni. Mishipa ya fahamu ya uume hata isipokatwa inazubaa, inaweza kuchukua mwaka au miwili kuamka. Na jamani, shahawa hazitoki tena, utafika kileleni pakavu, kwahiyo anayetaka mtoto ahifadhi mbegu mapema, hilo linasahaulika sana!

Kwangu mimi, Gleason (alama ya ukali wa saratani) 6 isiyo na dalili mbaya ifuatiliwe kwanza. Gleason 7 kwa mtu mwenye miaka mingi mbele yake, operesheni ina mantiki, mionzi pia. Na usichague hospitali kwa sababu ina roboti, maana walipolinganisha operesheni ya roboti na ya kawaida kule Australia, mkojo na nguvu za kiume havikutofautiana kivile. Muulize daktari wako wa upasuaji, kati ya wagonjwa wake mwenyewe wangapi hawavai pedi baada ya mwaka mmoja, na kama hana jibu tafuta mwingine.