Wingi wa kurasa si kipimo cha uandishi

Imezoeleka kumpima mwandishi kwa unene wa kitabu chake. Riwaya ya kurasa mia sita huhesabiwa kazi pevu, na hadithi fupi ikachukuliwa kuwa mazoezi ya kuifikia. Sikubaliani na kipimo hicho, ingawa wanaopenda vitabu vinene wana hoja nzito.

Riwaya ndefu humpa msomaji muda wa kukaa na watu. Katika Vita na Amani, iliyotoka kati ya 1865 na 1869, Tolstoy anatukutanisha na Natasha akiwa binti wa miaka kumi na mitatu anayeingia sebuleni mbio huku akicheka. Tunaachana naye akiwa mama wa watoto wanne. Katikati tumemwona akipenda, akikosea, akifiwa. Ibane safari hiyo katika kurasa ishirini, utabakiwa na taarifa tu kwamba alikua.

Lakini urefu mwingi hautokani na mahitaji ya hadithi. Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alipoanza kutoa riwaya vipande vipande kwa matoleo ya kila mwezi mwaka 1836, kila toleo lilikuwa na idadi yake ya kurasa, apende asipende. Yeye alikuwa na kipaji cha kuzijaza uhai. Wengi wetu tunazijaza maneno. Tazama: “Asha alifungua mlango, akaingia ndani, akaufunga, akaketi kitini na kuanza kuwaza kwa huzuni kubwa yaliyompata.” Sasa hii: “Asha aliketi bila kuvua viatu.” Ya pili ni fupi, ila ndiyo inayonifanya nitake kujua ametoka wapi. Sura nzima ya sentensi za aina ya kwanza humchosha msomaji, hata kisa kikiwa kizuri.

Isitoshe, ufupi hauzuii upana. Alice Munro, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2013 kwa hadithi zake fupi, aliweza kuruka miaka thelathini kati ya aya mbili, nawe ukahisi uzito wa kila mwaka ulioachwa.

Hata hivyo, nisingependa ufupi nao ugeuzwe sifa. Hadithi fupi nyingi ni riwaya zilizonyimwa nafasi: mhusika anaolewa, anasalitiwa, anaugua na kufa ndani ya kurasa nne, na tunatarajiwa kumlilia mtu ambaye hatujawahi kumsikia akizungumza. Hapo mwandishi alihitaji kurasa themanini zaidi, au achague siku moja tu ya ndoa ile.