Eksirei ya Marekani na eksirei ya kwetu Pemba, tofauti si mashine

Kila nikipiga simu nyumbani Wete hakosi mtu wa kuniuliza we huko Ohio unafanya kazi gani hasa, nikimjibu napiga eksirei hospitali najua kabisa kinachofata, kimya kidogo halafu "aah, kumbe hukusoma udaktari." Jamani, mbona fundi wa ndege hamumwambii kumbe hukuwa rubani? Kwetu kwenye mambo ya afya kuna daktari, kuna nesi, walobaki wote ni "yule wa maabara" na "yule wa picha", basi. Leo nataka kuiongelea hii kazi kwa sababu vijana wengi wananiuliza njia ya kuisomea, na pia nna langu moyoni kuhusu sisi tulioko nje tunavopenda kuidharau elimu ya nyumbani bila ya kuijua.

Kwanza huku inavokwenda. Cheti kinachotambulika ni cha chombo kinaitwa ARRT, ndo kinachosajili wapiga eksirei wa Marekani, na tokea 2015 huwezi kuukalia mtihani wao kama huna japo digrii ile ndogo ya miaka miwili, ambayo wengi tunaisoma kwenye komyuniti koleji maana ada yake ni nafuu kuliko ya yunivasiti. Miaka miwili kwa maneno, lakini kabla hujakubaliwa unatakiwa umalize anatomia na hesabu na vikorokoro vyengine, kwahiyo kwa mtu anaefanya kazi usiku na kusoma mchana hesabu mitatu na zaidi. Darasani kwetu kulikuwa na mama mwenye wajukuu, kulikuwa na jamaa katoka jeshini, kulikuwa na Msomali alokuwa dereva wa lori, na hakuna alomuona mwenziwe kachelewa. Hilo nalipenda huku, umri hauna mwenyewe. Kisha mtihani, alama ya kufaulu ni 75, na unapewa nafasi tatu tu ndani ya miaka mitatu, ukizimaliza hizo unarudi darasani upya.

Lakini nlichokiona mie ni kikubwa kuliko vyote si mtihani, ni jinsi wanavokufunza wodini. ARRT wana orodha, vipimo 36 vya lazima na 15 vya kuchagua, kifua, bega, nyonga, mgongo, mtoto mchanga, mgonjwa wa kwenye machela asoweza kugeuka, na kila kimoja lazima mwenye leseni asimame akutizame unakifanya mwenyewe mwanzo mpaka mwisho ndo atie saini. Kabla ya saini huachwi peke yako chumbani. Na hata ukishasainiwa, picha ikiharibika ukataka kuirudia, huigusi batani mpaka mwenye leseni aje asimame pale pale, maana kurudia picha ni kumpiga mtu mionzi mara ya pili kwa kosa lisilokuwa lake. Tena ni marufuku wanafunzi kupigana picha wenyewe kwa wenyewe kujifanyia mazoezi, mnapangana tu mkono huku mguu kule, mashine haiwaki.

Alonisomesha mie wodini alikuwa bibi mmoja mkimya, mweusi wa huku huku, anasimama nyuma ya bega langu hasemi kitu, mie nageuza mkono wa mgonjwa, nashusha taa, nabana mwale wa mionzi uwe mdogo kadiri inavowezekana, na yeye macho yake yako kwenye kitu kimoja tu, zile alama za risasi. Kila mwanafunzi ana zake mbili, R ya kulia na L ya kushoto, vijiherufi vidogo vya madini ya risasi na pembeni herufi za jina lako, unaviweka juu ya pleti, ile bapa inayopokea picha, kabla hujapiga. Yaani ukikosea upande, jina lako limo ndani ya picha, daktari wa upasuaji anaiona, huna pa kukimbilia. Yule bibi nikiweka vibaya anakohoa tu, basi najua.

Sasa njoo kwetu. Nna binamu yangu alosoma diploma ya radiolojia bara, miaka mitatu, kaingia na fizikia, kemia na baiolojia zake za kidato cha nne, na wallahi kwenye fizikia ya mionzi kichwani ananipita mbali. Tunapigiana WhatsApp mara kwa mara tunabishana, na kuna jambo moja alinishinda wazi wazi. Yeye kajifunzia kwenye filamu na chumba cha giza, ukizidisha mionzi filamu inatoka nyeusi tii, ukipunguza inatoka nyeupe kama haikupigwa, na filamu zenyewe za kuhesabu, kwahiyo mkono wake umezoea kufikiri kabla ya kupiga. Huku kwa dijitali ukizidisha kompyuta inaisawazisha, picha inatoka nzuuri na kila mtu anakusifu, kumbe mgonjwa kala mionzi ya bure, na hutojua mpaka uitizame ile namba pembeni ya skrini inayoonesha mionzi iloifikia pleti. Wapo huku wenye leseni miaka na miaka hawaitizami kabisa. Kwahiyo anaekuja na maneno yake eti wa nyumbani hawajui kitu, mie simsikilizi.

Alichokikosa binamu yangu ni yule bibi wa kukohoa. Pahala alipopelekwa mafunzo ya vitendo wanafunzi walikuwa wamejazana, mashine moja, fundi mmoja na foleni ya wagonjwa imetoka mpaka nje ukumbini, nani ana muda wa kusimama nyuma ya mtoto wa watu? Karatasi zake zilisainiwa zote siku moja mwisho wa mafunzo, kwa wema tu, si kwa ubaya. Kisha akaajiriwa, akapewa funguo za chumba, kazi ikaanza. Mengi kajifunza peke yake, na kwa bahati ana akili na ana huruma, lakini wote si yeye.

Watu wa nyumbani ukiwauliza watakwambia tatizo mashine. Kweli mashine ikiharibika mnangoja spea mpaka mnachoka, mgonjwa anapanda boti kwenda Unguja kwa picha moja, hilo silikatai, nami nna ndugu yalomkuta. Lakini mashine huwa zinakuja yakhe. Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani imejengwa upya kwa msaada wa Wachina ikafunguliwa 2016, na madaktari wa Kichina wako Zanzibar tokea 1964, misaada haikuanza jana. Mashine inashushwa, inapigwa picha na waheshimiwa, inakatwa utepe. Anaehitajika baada ya hapo ni mtu wa pili chumbani, ili mmoja apige na mmoja amsimamie mwanafunzi, na huyo halipiwi dola wala hatoki Uchina, analipwa mshahara wa serikali kama wenziwe. Ntaambiwa bajeti hakuna. Haya, lakini tusiseme tena kwamba tunangoja teknolojia.

Na wa pili mwenyewe nngependa awe mwanamke. Kwetu kuna mambo Mmarekani hayajui, mie hapa nahangaika na pini za mitandio za Wasomali tu, ukipiga shingo unazihesabu zote. Lakini Pemba bibi kaletwa na maumivu ya nyonga, kiunoni ana shanga zake tokea yu mwari, kifuani ana hirizi yenye bati ndani, na vyote hivo vinatokea kwenye picha vinaziba mfupa, na anaetakiwa kumwambia avue ni kijana wa kiume umri wa mjukuu wake. Bibi hasemi, kijana hasemi, picha inapigwa na shanga zake, daktari haoni ufa. Binamu yangu anasema anakwenda kumtafuta nesi wa kike wodini, akimpata.

Wasichana wetu kwanini hawaisomi? Wazazi wanaogopa, eti atakaesoma eksirei hatozaa. Hebu tusikilizane. Mionzi anayoipata mtu hupimwa kwa milisivati, na picha moja ya kifua ni kama milisivati 0.1, sawa na mionzi ya kawaida ya ardhini na angani unayoipata kwa siku kama kumi hivi ukiwa umekaa tu barazani kwako. CT ya tumbo, ile mashine inayozunguka mwili na kompyuta ikatoa picha vipande vipande, ndo nzito, inakaribia milisivati 8. Na hiyo anaipata mgonjwa, sie tunaopiga tuko nyuma ya ukuta, kifuani tuna beji inayopima mionzi, na kiwango cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, wengi wetu hatukisogelei hata kidogo. Mwenzangu hapa kazini akiwa na mimba alitoa taarifa kwa maandishi, akapewa beji ya pili ya kuvaa tumboni chini ya eproni ya risasi, mwisho wake ulikuwa milisivati 5 kwa mimba nzima, akafanya kazi mpaka karibu na kujifungua. Mtoto yupo anasumbua ulimwengu.

Kuhusu njia, ntasema kwa ufupi. Kama unakusudia kuja Marekani, ujue diploma ya nyumbani ARRT hawaichukui hivi hivi, mpaka upate koleji ya huku ikubali kukupunguzia masomo, na nyingi hazitaki, utaanza karibu na sifuri. Hili mie naliona ni dhulma tupu, mtu kapiga mifupa miaka kumi mnamuuliza tena skafoidi, kile kifupa cha kwenye kiwiko cha kiganja, iko wapi. Uingereza wana utaratibu mwengine, HCPC, chombo chao cha kusajili wataalamu wa afya, wanapokea maombi ya walosoma nje na kuipima elimu yako, ndo maana mahospitali yao yamejaa Wanaijeria na Wazimbabwe wa radiolojia. Pesa ya Marekani ni nzuri, mshahara wa katikati unapita dola 70,000 kwa mwaka, ila toa kodi, toa nyumba, toa gari na bima yake, toa na simu za "nna shida kidogo tu" kutoka nyumbani, halafu nambie umebakiwa na nini.

Nami ami yangu ana binti kamaliza kidato cha nne na fizikia yake safi, anataka kuomba mwaka huu, na tayari kaja mchumba. Nimemwambia ami ada nusu ntatoa mie nusu atoe yeye, na huyo mchumba kama ana haraka basi awasaidie kulipa.