Chora nukta kwanza, mlinganyo baadaye

Chukua jiwe linaloanguka bila kizuizi. Baada ya sekunde 0, 1, 2, 3 na 4 limeshuka mita 0, 4.9, 19.6, 44.1 na 78.4. Ingiza muda kwenye orodha L1 ya kikokotoo cha grafu, umbali kwenye L2, kisha chagua LinReg, amri ya kutafuta mstari mnyoofu unaozifaa nukta, kama wanafunzi wengi walivyozoeshwa. Kitakupa y = 19.6x − 9.8, x ikiwa muda na y umbali, na r, kipimo cha jinsi nukta zinavyokaribia mstari mnyoofu, ya takriban 0.96. Wengi hufunga daftari hapo, maana wameambiwa r ikikaribia 1 kazi imekwisha.

Haijaisha. Mlinganyo huo unadai kwamba wakati jiwe linaachiwa, tayari lilikuwa mita 9.8 juu ya mkono uliolishika.

Hili linaniuma, kwa sababu kikokotoo kimefanya sawasawa na kilivyoombwa. Katika mistari minyoofu yote, kimetafuta ule ambao ukipima pengo la wima kati yake na kila nukta, ukazidisha kila pengo kwa lenyewe na kujumlisha, jumla inakuwa ndogo kuliko zote. Njia hiyo aliichapisha mwanahisabati Mfaransa Legendre mwaka 1805, na ni njia nzuri. Ila kama mstari mnyoofu ulistahili au haukustahili, hilo umeachiwa wewe.

Ndiyo maana nashikilia kwamba nukta zichorwe kwanza. Kwenye kikokotoo cha grafu cha TI-84, washa Stat Plot ubonyeze ZoomStat, utauona mkunjo. Jicho likisita, tazama masalio, yaani umbali uliopimwa ukitoa ule wa mlinganyo: 9.8, −4.9, −9.8, −4.9, 9.8. Yanashuka kisha yanapanda, kama bakuli. Mlinganyo unaofaa huacha masalio yaliyotawanyika ovyo. Yakichora umbo, kuna kitu mstari umekikosa. Sasa jaribu QuadReg, inayotafuta mkunjo wenye x²: y = 4.9x². Hiyo 4.9 ni nusu ya 9.8, mchapuko wa uvutano wa dunia. Hapo mlinganyo umeanza kulizungumzia jiwe lenyewe.

Wapo pia wanaopita kiasi. Wana nukta tano, wanachagua QuartReg, inayofika hadi x⁴, mkunjo unapita kwenye zote, wanafurahi. Lakini nukta zozote tano zenye x tofauti hupata mkunjo wa namna hiyo, hata zikiwa za kubahatisha. Kama muda ulipimwa kwa saa ya mkononi, mkunjo huo utafuata hata kuchelewa kwa kidole chako, na ukiuuliza jiwe litakuwa wapi sekunde ya 6, unaweza kukupeleka mbali kabisa na lilipo.